Kuyafuata maji kwa miguu: njia za msituni tulizopita na watoto, Unguja na Pemba

Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Moshi, na kwenye simu yake alikuwa na picha za maporomoko ya Materuni, kule chini ya Kilimanjaro. Maji yanaanguka kutoka juu ya jabali, na watoto wa rika la wanangu wamesimama chini yake wamelowa chepechepe, wanacheka. Haitham alizitazama moja baada ya moja, kisha akaniuliza, "Mama, na ya kwetu yako wapi?"

Ya kwetu hayapo. Maporomoko yanataka mlima na jabali, na visiwa vyetu havina. Sehemu ya juu kabisa ya Unguja, ule mgongo wa Masingini nyuma ya Bububu, iko kiasi cha mita 120 tu juu ya bahari. Lakini swali la mtoto lilinikaa. Mvua tunazo: Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka na Pemba huizidi, na kila aliyekaa mjini wakati wa masika anajua barabara zinavyogeuka mito. Maji yote yale huenda wapi? Nikamwambia basi tutayafuata kwa miguu, mimi na yeye na mdogo wake Nasra na baba yao, na bibi akitaka.

Tangu hapo ndivyo zinavyokwenda likizo zetu za skuli. Naandika haya kwa wazazi wenzangu, hasa wa mjini, wanaoniambia kwamba watoto wao hawatembei, na kwamba misitu ile ni mambo ya watalii. Mwenyeji hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na mtoto hutembea sana akiwa na kitu cha kukifuata. Nasra alikuwa na miaka sita tulipoanza. Ukimwambia "tunakwenda kutembea kilomita mbili" anataka mgongo wa baba yake kabla hamjafika kona ya kwanza. Ukimwambia "tunakwenda kuangalia maji yanakozama", anakuwa mbele.

Tulianzia Masingini kwa sababu ni karibu na mjini, na kwa sababu msitu ule umelindwa kwa ajili ya maji. Miti yake huyapokea maji ya mvua, ardhi ikayanywa taratibu, na chini ya ule mgongo zinatoka chemchem. Niliwaambia watoto kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyejenga mfereji wa kuyaleta maji ya chemchem za Bububu mpaka mjini, na kwamba kabla ya hapo watu wa Mji Mkongwe walitegemea visima na wachukuzi. Njia za Masingini zina kivuli kizuri na ni fupi, hata mwenye mtoto wa mgongoni anazimudu. Siwezi kusema mengi zaidi juu yake. Ni mahali pa kuanzia, pa kujua nani anataka kukojoa kila dakika kumi na raba za nani zinabana.

Baada ya hapo tukaenda upande wa Mwera, na hapa nina la kusema.

Mto Mwera si njia ya matembezi iliyotengenezwa. Ni mto wa watu wa shamba, na tulipita kwenye matuta ya mabonde ya mpunga kwa ruhusa ya wenyewe, tukiongozwa na shemeji yangu ambaye ni mtu wa huko. Kinachowashangaza watoto ni kwamba mto huu haufiki baharini kama mito ya kwenye vitabu vyao. Unatiririka, unafika kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, na unazama. Magharibi ya Unguja ni udongo mzito unaoshika maji. Ukienda mashariki unaingia kwenye uwanda, mawe yaliyotoboka kila mahali, na maji yanashuka chini humo. Mito yetu mingine midogo inayoelekea mashariki huishia vivyo hivyo. Haitham aliuliza kama samaki nao wanazama. Shemeji akamjibu kwamba kambare haendi asikokutaka.

Sasa, jua lilikuwa limeshapanda, maji yanapita kwenye miguu yetu, na Haitham ameshavua raba moja. Nikamzuia. Wazazi, hili nawaomba mlishike. Maji baridi yaliyotulia na vijito vya polepole, Unguja na Pemba, ndiko anakoishi konokono wa kichocho. Wadudu wa kichocho hutoka kwa konokono yule, huogelea majini, na hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyetia miguu tu, bila jeraha na bila kunywa. Kisha ni mkojo wa damu. Watoto wetu hupewa vidonge vya kichocho skuli, na kazi kubwa imefanywa kuupunguza ugonjwa huu visiwani, lakini kidonge hakimzuii mtoto asiambukizwe tena kesho yake. Shemeji alichukua kijiti, akainua jani lililooza pembeni ya maji, na chini yake akamwonesha Haitham konokono wa rangi ya kahawia, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, gamba lake limejikunja kushoto. Hatukujua kama ana ugonjwa au hana, huwezi kumjua kwa macho. Haitham akavaa raba yake mwenyewe bila kuambiwa mara ya pili.

Kwa hiyo kanuni ya nyumba yetu ni hii: maji baridi tunayaangalia, baharini tunaoga. Na ahadi ya bahari lazima itimizwe siku ile ile, ama sivyo hutaaminika safari ijayo.

Jozani kila mtu anaijua, au anadhani anaijua. Skuli nyingi huwapeleka watoto, wanashuka kwenye basi, wanapiga kelele chini ya kima punju, wanapanda basi. Nenda tena na familia yako, asubuhi, na uulizie njia ya msituni kabla ya kitu kingine. Msitu wa Jozani umekaa kwenye bonde ambalo maji ya ardhini yako karibu sana na juu, ndiyo maana miti yake ni mirefu kuliko uwanda unaouzunguka, na ndiyo maana masika yakishika sehemu zake hufurika. Mitondoo imesimama kwenye tope, michikichi imeinama, na mikadi imejipandisha juu ya mizizi yake. Tulikwenda mara ya kwanza mwezi wa Juni, masika yamekwisha lakini bonde bado limeshiba. Msituni mlikuwa na giza la kijani na harufu ya majani yaliyolowa. Nasra alishika shina la mti akasema ni la baridi kama mtungi. Yule mtembezaji, kijana wa kijiji cha jirani, alimwambia ainame asikilize, na kweli kulikuwa na maji yanayotembea polepole chini ya majani, huwezi kuyaona.

Hifadhi hii, kwa jina kamili Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2004, na ina eneo la kilomita za mraba 50. Lakini njia ya familia ni fupi, mtu mzima anaimaliza kwa muda mdogo. Sisi tulichukua asubuhi nzima. Mtoto wa miaka sita anahitaji kusimama kwa jongoo, na kwa uyoga, na kwa jongoo wa pili. Mwanzoni baba yao alikuwa akiangalia saa. Nikamwomba aitie mfukoni.

Kima punju hawapatikani pengine popote duniani isipokuwa visiwa vyetu. Tuliwakuta pembezoni mwa msitu, kwenye mikungu, wanachuma majani machanga. Haitham ndiye aliyegundua: "Mama, hawana dole gumba!" Ni kweli, kidole gumba chao kimebaki kijinundu tu, wanaishika tawi kwa vidole vinne. Mtembezaji akawaeleza kwamba chakula chao ni majani zaidi, na baadhi ya majani yana sumu, kwa hiyo wale wanaokaa karibu na mashamba wamejifunza kuokota makaa kwenye majiko na matanuri ya watu na kuyatafuna, nayo husaidia kuizuia ile sumu tumboni. Wazoefu kama wanavyoonekana, msiwakaribie na msiwape kitu, hata ndizi. Mafua ya mtoto wako yanaweza kuwa maradhi makubwa kwao. Na kwenye barabara inayopita hapo kuna matuta ya kupunguza mwendo. Yamewekwa kwa ajili yao, kwani magari yalikuwa yakiwaua. Mwambieni dereva wenu.

Ng'ambo ya barabara, upande wa Pete, kuna njia ya mbao iliyopita katikati ya mikoko. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa wazee na watoto wadogo. Mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua, aliimaliza yote na mkongojo wake. Lakini isipimwe kwa saa ya mkononi, ipimwe kwa maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji kwetu hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu, yaani maji madogo, mambo hugeuka. Ukienda maji yamekupwa utaona matope, mizizi ya mikoko imesimama, na kaa wenye gando moja kubwa jekundu wanapungiana. Ukienda yamejaa utaona samaki wadogo wakizunguka kwenye mizizi ile ile. Watoto wangu wanapenda yakikupwa. Mama anapenda yakijaa, anasema tope linamkumbusha kazi. Mwonesheni mtoto matunda ya mkoko yanavyoota mizizi yakiwa bado yananing'inia mtini, marefu kama kalamu, yakisubiri kudondoka yakajichomeke chini. Yasichumwe.

Mikoko ndiko maji ya nchi kavu na ya bahari yanakokutana, na hapo Haitham alidhani tumemaliza. Nikamwambia bado hatujaona kazi ya yale yaliyozama.

Kiwengwa, mashariki, ni uwanda mtupu: vichaka vigumu, mawe makali kama meno ya msumeno, na joto. Hapa makubadhi na kandambili hazifai kabisa. Lakini ndani ya msitu wa hifadhi wa Kiwengwa-Pongwe kuna mapango, na mapango hayo yamechongwa na maji ya mvua yaliyoshuka kwenye mawe ya matumbawe miaka kwa miaka, yakiyayeyusha kidogo kidogo. Ndani unakuta mawe yaliyoning'inia kutoka kwenye dari na mengine yaliyoinuka kutoka chini, yote ni chokaa iliyoachwa na tone baada ya tone. Mizizi ya miti ya juu imepenya dari na kushuka mpaka sakafuni kutafuta maji. Popo wadogo wapo. Kila mtoto awe na kurunzi yake mwenyewe. Kurunzi moja kwa watoto wawili ni ugomvi, na pangoni ugomvi ni hatari kwa sababu mawe yanateleza.

Kuna jambo la adabu pia. Mapango mengi ya uwanda yana mizimu, na watu wa vijiji vile bado huyaheshimu; mara nyingine mtakuta chupa ya marashi, kitambaa au chetezo. Sisi ni Waislamu na nyumbani kwetu hatufanyi mambo hayo, lakini niliwafundisha wanangu wasiguse kitu, wasipige kelele, na waingie kwa Bismillahi. Nasra aliongeza "hodi" kwa hiari yake. Mtembezaji akamwitikia "karibu", na mtoto akaingia bila woga wowote.

Pemba ni habari nyingine, na nakiri moyo wangu uko huko, mama yangu ni mzaliwa wa Konde. Pemba ni vilima na mabonde, kila bonde na kijito chake. Msitu wa Ngezi uko kaskazini magharibi, ukishapita Konde na mashamba ya mipira, na barabara yenyewe inakata katikati ya msitu mpaka upande wa Vumawimbi na Ras Kigomasha. Una hekta 1,440 hivi, nao ni mabaki ya msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu. Askari wa msitu alipomwona mama na mkongojo wake alimwambia, "Bi mkubwa, leo tunakwenda kwa mwendo wako." Na kweli tukaenda kwa mwendo wake, na nikaona kuwa mwendo wa bibi na mwendo wa mjukuu wa miaka sita ni mmoja. Kwa sababu hiyo nawashauri wenye wazee nyumbani wasiwaache.

Mama ndiye aliyewasomesha siku ile. Alimwonesha Haitham mvule ambao watu watatu hawawezi kuukumbatia. Alimwonesha mjoho. Alimwonesha mpapindi, ule mnazi mwembamba wa msituni wenye pete pete shinani, ambao hauoti mwituni pengine isipokuwa Pemba. Tulipita kwenye mabaki ya kiwanda cha zamani cha mbao, chuma kimeshikwa na mizizi, na mama akasimama hapo kwa muda mrefu akiwaambia watoto miti mikubwa iliyokuwepo na namna ilivyokuwa ikitolewa. Njia fupi ya Ngezi inavuka sehemu zenye maji, na baada ya mvua kubwa huwa tope tupu, kwa hiyo ulizeni kwanza pale langoni. Wakati mzuri ni kipupwe, Julai na Agosti, au siku za kaskazi baada ya vuli. Wanyama wakali hakuna. Kuna tumbili, na kuna kima punju wachache, wazao wa wale waliohamishwa kutoka Unguja mwaka 1974. Kinachotaka tahadhari ni siafu, wanaokata njia mvua ikinyesha, na upupu pembezoni penye jua. Suruali ndefu chini ya gauni, soksi juu ya suruali, na macho mbele. Mtoto akishikwa na upupu asijikune.

Chakula ni bora kiwe kikavu: mkate wa kumimina, muhogo wa kuchemsha, mayai. Maji mengi kuliko unavyodhani, kwani msituni hakuna upepo na watoto hutoka jasho bila kujua. Tulikula tulipotoka, Vumawimbi, baada ya swala ya Adhuhuri, na watoto wakaingia baharini kama tulivyoahidiana. Upande ule watu ni wachache, na bahari ikichafuka usiwaache waende mbali.

Siku ya pili tulikwenda Kidike kuwaona popo wa Pemba. Ndiye popo mkubwa asiyepatikana pengine. Mbawa zake zikikunjuliwa hufika karibu mita moja na nusu, na uso wake ni wa mbwa mdogo mwekundu. Njia ni ya kijijini, katikati ya migomba na mikarafuu, kila mtu anaiweza. Miaka ya 1990 popo hawa walikuwa wamepungua mno kwa kuwindwa na kukatiwa miti, na ni wanakijiji wenyewe, Kidike na kwengineko, walioamua kuwalinda mpaka wakaongezeka. Mama alisema alipokuwa mdogo walikuwa wakiliwa. Nasra hakupenda kusikia hayo. Lakini alikaa chini akawahesabu mpaka akapotea hesabu, wakijipepea kwa mbawa zao kwenye joto la mchana, na nadhani mtoto aliyeambiwa ukweli wote, wa kuliwa na wa kulindwa, anaelewa zaidi kuliko aliyeoneshwa tu.

Matembezi ya usiku Ngezi niyaachie wenye watoto wakubwa kidogo, kuanzia miaka kumi hivi. Haitham alikwenda na baba yake. Walimsikia bundi wa Pemba, anayetoa sauti moja fupi, ananyamaza, anatoa tena, na mwengine anamjibu kutoka mbali. Wakawasikia na komba. Kwa watu wengi bundi ni kisirani, na mama alitaka mtoto asomewe dua aliporudi, akasomewa, hakuna lililoharibika. Anayetaka kwenda azungumze na askari wa msitu mchana wa siku hiyo, kila mtu awe na kurunzi na viatu vilivyofungwa, na apange mapema gari ya kuwarudisha Konde, kwani usiku gari za abiria upande ule si za kutegemea.